UZI: Samani za watoto katika nyumba ndogo za watu wazima. Zipi zinafaa, zipi tuziache?

Mwalimu, Katindo, Goma (mwanzisha uzi)

Nawasalimu nyote, wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi na ninyi mlio mbali.

Wapangaji wengi wa mji wetu wanaishi katika saloni moja na chumba kimoja, na saloni yenyewe mara nyingi haizidi mita tatu kwa tatu. Ukiingiza humo sofa ya kawaida, yaani kiti kirefu kimoja, viti viwili vya pembeni na meza ya katikati, nyumba imejaa kabla mtu hajaingia: mgeni hupita kwa ubavu, watoto husomea kitandani, na mama akitaka kupiga pasi hungoja wengine watoke. Ndiyo maana wako walioanza kununua samani zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, kama vile meza fupi, vigoda, kabati ndogo, rafu za vitu vya kuchezea, na hata vitanda. Wengine huzipata kwa maseremala wa mtaani, wengine kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika vinavyotoka Ulaya, na wengine shule inapobadili madawati yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo viti na meza za watoto ndivyo vitu ninavyoishi navyo mchana kutwa, na nina neno la kusema juu yake. Samani ya mtoto inaweza kumfaa mtu mzima vizuri sana, lakini isichukuliwe kwa jozi kama inavyouzwa, wala isipewe kila kazi. Anayenunua kwa kutazama umri ulioandikwa au mnyama aliyechorwa ubavuni atapata hasara. Anayekwenda dukani na mita ya fundi mkononi atarudi na kitu kitakachompa nafasi ya kupumua.

Nianze na vipimo, kwa kuwa hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ulaya kuna kanuni ya samani za shule, EN 1729, inayogawa viti na meza kwa namba, kila namba na rangi yake. Katika namba 1, kikalio kiko sentimita 26 kutoka sakafuni na meza yake ni sentimita 46. Namba 2 ni 31 na 53, namba 3 ni 35 na 59, namba 4 ni 38 na 64, namba 5 ni 43 na 71, na namba 6, ambayo inamtosha mtu mzima wa kawaida, ni 46 na 76. Sasa toeni kimo cha kiti katika kimo cha meza. Kwa namba 1 inabaki sentimita 20, kwa namba 3 zinabaki 24, kwa mtu mzima 30. Tofauti hiyo inakua pamoja na mwili, kwa sababu meza hufuata viwiko, na mtoto ana kiwiliwili kifupi.

Mtu mzima akiketi juu ya kiti cha sentimita 31, miguu yake ndiyo iliyojikunja, lakini kiwiliwili hakikupungua hata kidogo. Viwiko vyake vitahitaji meza iliyo karibu sentimita 28 juu ya kikalio, palepale vilipokuwa vikihitaji alipoketi kwenye kiti kirefu. Ukimpa meza ya jozi ile, yenye sentimita 53, atainama kama mtu anayefua nguo kwenye beseni, na kabla ya saa moja kwisha mabega na kiuno vitakuwa vimechoka. Dawa ni kuivunja jozi: meza ichukuliwe ya mtoto mkubwa, kiti kichukuliwe cha mtoto mdogo. Meza ya 59 na kiti cha 31 vinapatana. Meza ya 64 na kiti cha 35 vinapatana zaidi, na kwa kuandika au kutumia kompyuta mimi ningechagua hivyo.

Kuna kizuizi kimoja ambacho wauzaji hawakisemi. Goti la mtu mzima aliyeketi na nyayo chini huwa sentimita 50 au zaidi kutoka sakafuni, kiti kiwe kirefu au kifupi, kwa sababu urefu wa muundi haubadiliki. Kwa hiyo meza ya sentimita 59 inafaa tu ikiwa uso wake ni mwembamba na haina ubao mpana unaozunguka chini yake, wala haina mtoto wa meza, yaani droo. Ikiwa na vitu hivyo, magoti hayaingii, na mtu huketi upande. Chini ya 59 meza si ya kufanyia kazi tena. Ya 46 au 53 ni ya kuwekea sahani ya ugali katikati watu wakiwa wameizunguka, na kazi hiyo inaifanya vizuri kabisa.

Wengi pia hudhani kwamba kiti kifupi huokoa nafasi ya sakafu. Hakiokoi. Mtu aliyeketi chini hunyoosha miguu mbele, na miguu ya mtu mzima ni mirefu. Kinachookolewa kiko juu: ukuta. Katika nyumba zetu za mbao madirisha ni madogo, na kiti chenye egemeo refu kikisimama mbele ya dirisha hula nusu ya mwanga. Samani ikikomea sentimita 60, mwanga unapita juu yake, macho yanafika hadi ukuta wa pili, na ukuta wenyewe unabaki huru kwa rafu, misumari ya kutundikia mifuko na picha za familia.

Faida nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni wepesi. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mnamo Januari 6, 1907 katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo, mjini Roma, alitaka meza ziwe nyepesi kiasi cha watoto wawili wa miaka minne kuweza kuzibeba. Alikuwa akiwafikiria watoto. Lakini meza ya namna hiyo mtu mzima huinyanyua kwa mkono mmoja, na hapo chumba kimoja kinaweza kuwa vyumba vinne kwa siku: asubuhi chai, mchana kuchambua sombe, jioni kazi za shule, usiku meza inasimamishwa ukutani na godoro la mgeni linatandikwa.

Sisi wa Goma tuna sababu ya ziada ya kupenda vitu vyepesi. Nyiragongo ulipolipuka Mei 22, 2021, na Mei 27 amri ikatolewa kwamba sehemu kubwa ya mji ihame, watu walikwenda Sake, Bukavu na ng'ambo ya mpaka na vile walivyoweza kubeba. Sofa zilibaki. Hata bila volkano mpangaji wa hapa huhama mara kwa mara, kodi ikipanda au mwenye parseli akiitaka nyumba yake, na mzigo wote huenda kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Samani ambayo haiwezi kufungwa juu ya chukudu si samani ya mpangaji.

Kuhusu kabati sitasema mengi, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Kabati ya nguo ya mtu mzima ina kina cha karibu sentimita 60 kwa sababu ya upana wa vitundikio. Rafu na kabati nyingi za watoto zina kina cha 40 au pungufu. Katika chumba cha mita tatu, sentimita 20 hizo ndizo njia ya kupita kati ya kitanda na ukuta. Koti na suruali za pasi zitundikwe nyuma ya mlango. Vikwembe, mashuka na nguo za kila siku hukunjwa, na kikwembe kilichokunjwa vizuri hulala katika rafu ya mtoto bila kubaki pengo.

Naomba maoni yenu, hasa ya mafundi.

Fundi seremala, Ndosho, Goma

Mwalimu, asante kwa maelezo. Nitasema yanayonihusu.

Kiti cha mtoto hakivunjiki kwenye kikalio. Huvunjika pale mguu wa nyuma unapokutana na ubao wa pembeni. Mtoto hukalia kiti. Mtu mzima hukiegemea, hukirudisha nyuma kikabaki kwenye miguu miwili, na mwili wote ukaegemea viungo viwili tu. Kabla hujanunua, geuza kiti kichwa chini. Ukiona mguu umeingia ndani ya ubao kwa ulimi na tundu, na gundi imekauka pande zote, kiti hicho kina uhai. Ukiona vichwa vya misumari tu, muachie mtoto. Mkaratusi mwingi hapa mjini hutengenezwa ungali mbichi, na mti ukikauka hunywea, misumari ikabaki imelegea ndani ya matundu yake.

Mteja akiniletea kiti cha mtoto akitaka akikalie mwenyewe, hufanya mambo mawili. Naweka papi zinazounganisha miguu karibu na sakafu, na chini ya kikalio natia vipande vya pembe tatu katika kona zote nne, kwa gundi na skrubu. Sibadilishi mbao. Mkaratusi uliokauka una nguvu ya kutosha, kwani ndio unaobeba magunia ya makaa na viazi kwenye chukudu, na anayetaka libuyu au muvula kwa kigoda cha jikoni anatupa pesa.

Sakafu nayo ni ya kuangaliwa. Nyumba za mbao hapa zimesimama juu ya mawe ya volkano, na sakafu hazilali sawa. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki popote utakapokiweka, ilhali cha miguu minne hutafuta karatasi ya kukunja chini ya mguu mmoja. Lakini cha miguu mitatu hupinduka upesi mtu akielemea upande usio na mguu. Kwa hiyo miguu mitatu ninaitengenezea vigoda vya chini ya sentimita 30 tu.

La mwisho: vile vitu vizuri vyenye rangi nyeupe vinavyotoka Ulaya, vingi si mti bali ni unga wa mbao uliobanwa kwa gundi. Ukipiga deki kila asubuhi, maji huingia kwa chini na ubao huvimba, na ukivimba haurudi. Vifungie vipande vya mti mgumu vya sentimita tatu chini ya kila kona, visiguse sakafu. Na usivifungue na kuvifunga mara nyingi, kwa sababu skrubu ikitoka mara mbili tatu katika unga ule, tundu halishiki tena.

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu, nimesoma yote kwa makini na hesabu zako nimezielewa, ila kuna jambo hukuligusa. Sisi hatuishi peke yetu. Mkwe wangu akifika kutoka Likasi na kilo zake za unga kichwani, mzee wa umri mkubwa, nimketishe kwenye kiti cha chekechea? Hata akinyamaza kwa adabu, atarudi nyumbani na kusema mtoto wake ameoa mahali pasipo na kiti. Pili, mimi mwenyewe magoti yananiuma. Nikishuka kwenye kigoda ili nikoroge bukari, kunyanyuka ni shughuli, namtafuta mtoto anishike mkono. Kijana anaweza kuishi chini chini hivyo. Mtu wa umri wangu hawezi.

Mwalimu, Katindo, Goma

Mama, shikamoo. Umeleta mambo mawili, na majibu yake yanatofautiana.

Juu ya magoti nakubaliana nawe moja kwa moja. Kikalio kikiwa chini ya mkunjo wa goti, mtu anapoinuka hulazimika kunyanyua uzito wake wote kwa mapaja na magoti yaliyokunjika sana, na kadiri kikalio kinavyoshuka ndivyo shida inavyozidi. Mzee, mjamzito, mwenye maumivu ya goti au nyonga, na aliyetoka hospitali baada ya upasuaji, hao wote wanahitaji kikalio cha sentimita 43 hadi 46, au zaidi kidogo kwa mrefu, na ikiwezekana kiwe na mikono ya kushika wakati wa kuinuka. Hapo hakuna mjadala. Kila nyumba, hata iwe ndogo namna gani, iwe na kiti kimoja cha kimo kamili, na ninyi akina mama msioweza kushuka kigodani mnastahili kuinuliwa mbabula, yaani jiko la makaa, juu ya meza ya mawe au matofali, si ninyi kushushwa kuufuata.

Juu ya heshima ninaona vingine. Kuketi chini hakujawahi kuwa aibu kwetu. Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi walichonga vigoda vya mti vya duara, vifupi, na vilikuwa vya wakubwa waliopanda ngazi za Bwami, chama chao cha jadi; mtu hakukikalia kwa sababu amekosa kiti, alikikalia kwa sababu amekistahili. Kinachomdhalilisha mgeni ni kiti chembamba cha plastiki kinachombana mapaja na kulia anapojisogeza, kiwe kifupi au kirefu. Angalia upana: kikalio cha mtoto mara nyingi ni chembamba kuliko nyonga za mtu mzima, na hapo ndipo aibu inapotoka. Kigoda kisicho na mikono wala egemeo hakimbani mtu, na benchi la watoto lisilo na migawanyo hubeba watu wazima wawili pale lilipokusudiwa kubeba watoto watatu.

Kwa hiyo mkwe wako apewe kile kiti kimoja cha kimo kamili, tena kiwekwe mahali pazuri, na sisi wengine tuketi kwenye vigoda kumzunguka. Nafikiri atarudi Likasi ameridhika.

Mkaaji wa Kadutu, Bukavu

Habari za jioni. Huku kwetu nyumba zimepanda mlima, moja juu ya mabega ya nyingine, na njia ya kufika kwangu ni ngazi za udongo ambazo hata chukudu haifiki. Kila kitu kinapanda mgongoni, kwa hiyo neno lako juu ya wepesi nimelipokea kwa mikono miwili.

Swali langu ni juu ya vitanda. Tuko ndugu watatu wakubwa katika chumba kimoja. Nimeona kitanda cha ghorofa cha watoto kinauzwa, na kingine kifupi chenye droo chini. Je, mtu mzima anaweza kulala humo bila kuvunja kitanda au kujivunja yeye?

Mwalimu, Katindo, Goma

Ndugu, hapa ndipo umri ulioandikwa unapodanganya pande zote mbili.

Kitanda cha mtoto mdogo huko Ulaya kina godoro la 60 kwa 120, au 70 kwa 140, na kikubwa kidogo ni 80 kwa 160. Mtu mzima hatoshi humo, na usikubali kuambiwa kwamba utalala umejikunja. Lakini viko vitanda vinavyouzwa kama vya watoto ambavyo godoro lake ni 90 kwa 200, yaani godoro kamili la mtu mmoja. Kitanda cha IKEA kiitwacho KURA ni mfano: kina sura ya kitanda cha kuchezea, kimo chake ni sentimita 116 tu, lakini godoro ni 90 kwa 200. Kwa hiyo pima ndani ya kitanda kwa mita, kisha soma kibandiko kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa. Kibandiko kikiwa kimebanduka, mwite fundi akague vibao vya chini, maana hivyo ndivyo vinavyokatika kwanza. Ukiongeza idadi yake na kuweka ubao mmoja mrefu wa kuvipokea katikati, kitanda kinapata nguvu kubwa.

Kitanda cha ghorofa kina masharti mengine. Mtu mzima aliyeketi wima ana karibu sentimita 85 hadi 90 kutoka kikalio hadi utosi. Kama kati ya godoro la juu na paa hakuna nafasi hiyo, wa juu ataishi kwa kutambaa. Tena huko juu, chini ya mabati, ndiko joto la mchana linakojikusanya, na ndiko moshi unakopanda. Msiingize mbabula wenye makaa ndani ya chumba cha kulala, hata kukiwa na baridi ya mvua. Gesi ya makaa huua watu waliolala bila harufu wala dalili. Kitanda cha juu kiwe na ukingo pande zote, hata upande wa ukuta, na mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale huko.

Kisha kifungeni ukutani. Bukavu hamjasahau tetemeko la Februari 3, 2008, la kipimo cha 5.9, na sisi Goma tulitikiswa siku nyingi baada ya mlipuko wa 2021. Kitanda cha ghorofa, kabati ya droo, rafu ya vitabu, kila kitu chenye kimo kikubwa kuliko upana wake kifungwe kwa kipande cha chuma na skrubu inayoingia kwenye nguzo ya ukuta. Ubao wa ukuta peke yake haushiki. Hili halihusu matetemeko pekee. Mwaka 2016, nchini Marekani, IKEA iliwataka wateja warudishe au wazifunge ukutani kabati zake za droo zipatazo milioni 29, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Mtoto anavuta droo zote, anazipanda kama ngazi, na kabati inamjia. Ninawaomba sana wenye watoto wasilale leo bila kuangalia jambo hili.

Kile kitanda kifupi chenye droo, msikinunue kwa kulalia. Lakini kikikatwa ukingo wa mbele, kinakuwa benchi la saloni lenye ghala la nguo chini yake, na kina cha sentimita 60 au 70 kinatosha ukiweka mito nyuma ya mgongo.

Mama mmoja, Ibanda, Bukavu

Naomba niongeze neno kuhusu watoto wenyewe. Katika nyumba ya dada yangu meza ya mtoto iligeuzwa kuwa ya simu, chaja na chupa za maziwa ya chai, mpaka mtoto akawa anaandikia sakafuni. Tukiwaazima watoto samani zao, tuwarudishie saa zao.

Mwalimu, Katindo, Goma

Umesema kweli, mama, na mimi kama mwalimu ninalitetea jambo hilo kuliko mengine yote ya uzi huu. Mtoto anayeandika akiwa amelala kifudifudi sakafuni namtambua darasani: mwandiko unapanda na kushuka, na anachoka upesi. Meza ikishirikiwa, saa ya kazi za shule iwe ya mtoto, na vitu vya watu wazima viondolewe vyote. Kwa mtoto wa miaka saba au minane meza ya 64 ni ya juu kidogo kwake, basi yeye ndiye anayeinuliwa: apewe kiti kirefu zaidi na kisanduku cha kuwekea nyayo, ili miguu isining'inie. Mwaka 1972, huko Norway, Peter Opsvik alibuni kiti cha Tripp Trapp kwa wazo hilohilo: kikalio na ubao wa nyayo vinahamishwa juu na chini, mtoto anaketi kwenye meza ya wazazi, na kiti kilekile kinamfaa akiwa mkubwa. Fundi wa Ndosho akikitazama kwenye picha atakielewa mara moja.

Mwanafunzi, Goma

Mwalimu, Fundi, nimepanga chumba kimoja Kyeshero, mita mbili na nusu kwa tatu. Nina godoro na sufuria tu. Baada ya kulipa garanti ya nyumba sijabaki na pesa nyingi. Kati ya hivi vyote, nianze na kipi? Nasoma usiku, na wenzangu wawili huja kusoma nami.

Mwalimu, Katindo, Goma

Mdogo wangu, usianze na kiti. Anza na masanduku.

Le Corbusier, yule msanifu majengo, alijijengea kibanda cha mapumziko mwaka 1952 huko Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa. Chumba chake kilikuwa mita 3.66 kwa 3.66, ndani kukiwa na kitanda, meza, kabati na mahali pa kunawia. Viti vyake vilikuwa masanduku ya mbao yenye sentimita 43 kwa 43 kwa 27. Likisimama, sanduku ni kiti cha mtu mzima. Likilazwa, ni kiti cha sentimita 27 cha kuketi karibu na meza fupi. Na kwa kuwa ni sanduku, vitabu vinakaa ndani. Kwa tripleksi au mbao za mkaratusi uliokauka, fundi anaweza kukutengenezea matatu ukampa vipimo hivyo, na gharama yake haitafika ya kiti kimoja chenye sponji. Mwambie atoboe tundu la mkono pande mbili, uweze kuyabeba na kuyapanga moja juu ya jingine ukitaka kulala.

Cha pili ni meza ya watoto wakubwa, ya 71, ambayo kanuni ile ya Ulaya huiita namba 5. Kwa sanduku la 43 tofauti ni 28, nawe utaandika usiku kucha bila kuumia mgongo. Usichukue fupi zaidi ya hapo, kwa sababu kazi yako ni kusoma, si kula tu. Ukiipata yenye upana wa sentimita 50 itasimama kati ya godoro na ukuta, na wenzako wawili watakaa upande mrefu.

Kabati iache kwanza. Nunua rafu ya vitu vya kuchezea, ile iliyo wazi, ulaze nguo zilizokunjwa, na uifunge kwenye nguzo ya ukuta kabla hujaweka kitu juu yake.

Fundi seremala, Ndosho, Goma

Kijana, njoo na vipimo hivyo vimeandikwa kwenye karatasi, pamoja na upana wa mlango wako. Sema pia kama sakafu yako ni saruji au mbao, ili nijue cha kuweka chini ya kona. Masanduku nitayafunga kwa ulimi, si kwa misumari, na usiyachukue kabla gundi haijakauka.